Linki ya kilomita 20 kwa dishi: kuanzia ramani hadi bolti ya mwisho

Dishi halizalishi nguvu hata kidogo. Linachukua ile iliyotoka kwenye redio na kuielekeza upande mmoja, kama kioo cha tochi kinavyofanya kwa globu ndogo. Upande wa pili dishi lingine linakusanya kilichofika na kukielekeza kwenye fidi, yaani kile kichwa kinachokaa mbele ya bakuli. Kila desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi) unayopata kwa njia hii unailipia kwa wembamba wa mwale. Ndiyo maana linki nyingi za mbali, yaani redio mbili zinazowasiliana zikitazamana, hufa huku redio ikiwa nzima na dishi likiwa zima: nguzo imelegea, au mnazi mmoja umechomoza njiani.

Hapa tunafuata linki moja ya kilomita 20 kwenye masafa ya gigahezi 5.8, yenye madishi mawili ya sentimita 60, kwa mpangilio ule ule ambao kazi hufanywa. Njia na nguzo zimepewa nafasi kubwa kuliko redio, kwa sababu redio unaweza kuibadilisha kwa dakika kumi.

Njia kwanza, dishi baadaye

Fungua Google Earth Pro, weka alama kwenye sehemu zote mbili, chora mstari kati yake, kisha taka uonyeshwe mwinuko wa ardhi kwenye mstari huo. Andika kimo cha kila kilima na umbali wake kutoka upande wa kwanza. Picha hiyo ina kasoro mbili unazopaswa kuzirekebisha mwenyewe: haihesabu mviringo wa dunia, na haioni miti wala majengo mapya.

Mviringo wa dunia kwa mawimbi ya redio unapatikana hivi: zidisha umbali wa kizuizi kutoka upande mmoja kwa umbali wake kutoka upande wa pili, vyote kwa kilomita, kisha gawa kwa 17. Jibu ni mita. Katikati ya linki yetu ni 10 mara 10 gawa kwa 17, yaani karibu mita 5.9. Ardhi "imepanda" kiasi hicho kabla hujahesabu mti wowote.

Jambo la pili ni kanda ya Fresnel. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanajaza umbo la ndizi nene, jembamba kwenye ncha na pana katikati. Nusu ya upana wake, kwa mita, ni 17.32 mara kipeuo cha pili cha (d1 × d2 ÷ (f × d)), ambapo d1 na d2 ni umbali wa kizuizi kutoka kila upande, d ni umbali wote kwa kilomita, na f ni masafa kwa gigahezi. Katikati ya kilomita 20 kwenye 5.8 inatoka mita 16. Huhitaji kuisafisha yote, lakini asilimia 60 yake lazima iwe wazi, na hiyo ni mita 9.7.

Jumlisha: 5.9 na 9.7 ni mita 15.6. Kwenye ardhi tambarare isiyo na kitu, mstari kati ya madishi lazima upite mita 15.6 juu ya uwanda katikati ya njia. Kama katikati kuna shamba la minazi ya mita 20, mstari unatakiwa upite kwenye mita 35.6. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba mnara wa mita 12 aliokwisha kuuagiza hautamfikisha popote.

Kizuizi kilicho karibu na ncha kinasumbua kidogo kuliko cha katikati. Kilomita 2 kutoka upande mmoja, mviringo ni mita 2.1 na asilimia 60 ya Fresnel ni mita 5.8, jumla mita 7.9. Kwa hiyo kusogeza nguzo nyuma au mbele ili mti uangukie karibu na ncha wakati mwingine ni nafuu kuliko kuongeza urefu wa mnara.

Kuona upande wa pili kwa darubini ni dalili njema, lakini si ruhusa ya kuanza kujenga. Macho yanaona kupitia tundu dogo kati ya majani mawili. Fresnel inagonga yote mawili. Majani yaliyolowa ni mabaya zaidi kuliko makavu, kwa hiyo linki inayopita kwenye vilele vya miti itakuwa safi mwezi Januari na mbovu wakati wa masika. Kwenye nyanda za juu, angalia mikaratusi michanga kwa jicho la mfanyabiashara: inaongeza mita kadhaa kila mwaka, na linki unayoijenga leo unataka iishi miaka mitano. Muulize mwenye shamba anapanga kuikata lini.

Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela walifikisha Wi-Fi ya gigahezi 2.4 umbali wa kilomita 382, wakitumia madishi ya televisheni yaliyokwisha kutumika. Walitoka mlima mmoja hadi mwingine, na katikati hapakuwa na kitu cha kuzuia. Njia safi ina thamani kuliko redio ya bei kubwa.

Hesabu ya desibeli

Upotevu angani ni 92.45 + 20 log ya kilomita + 20 log ya gigahezi. Kwa linki yetu: 92.45 + 26.0 + 15.3, karibu desibeli 133.7. Ukizidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli 6 zaidi. Ukizidisha kipenyo cha dishi mara mbili kwenye upande mmoja, unazirudisha hizo 6.

Sasa jumlisha. Redio inatoa 20 dBm (dBm ni nguvu ikilinganishwa na miliwati moja), dishi la kwanza 30 dBi (dBi ni geini, yaani kiasi ambacho dishi linaikusanya nguvu upande mmoja), la pili 30 dBi, toa 133.7 za angani, toa 2 za konekta. Upande wa pili unapokea −55.7 dBm. Andika namba hii kwenye karatasi na uipeleke juu ya nguzo, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama umelenga sawasawa au umedanganywa.

Lakini subiri. 20 dBm na 30 dBi ni 50 dBm ya nguvu inayotoka kwenye dishi, na nchi nyingi haziruhusu hivyo bila kibali. Kama kikomo chako ni 36 dBm, itabidi uishushe redio hadi 6 dBm, na upande wa pili utapokea −69.7. Bado linki inafanya kazi, ila kwa mwendo wa chini na akiba ndogo. Hapa dishi kubwa lina faida ambayo wengi hawaioni: ukiweka la sentimita 90, kikomo cha kutuma hakibadiliki, lakini kila upande unasikia vizuri zaidi kwa desibeli 3 hivi, na kelele za pembeni, yaani mawimbi ya redio nyingine, zinabaki nje ya mwale. Kikomo kinahesabu kile unachotuma, si kile unachokusanya.

Akiba ni tofauti kati ya unachopokea na kiwango cha chini ambacho redio inahitaji kwa mwendo unaoutaka. Nchi kavu weka desibeli 15 hadi 20. Juu ya bahari au ziwa weka 20 hadi 25. Mvua kwenye 5.8 haiumizi sana. Wanaoilalamikia ni wenye linki za gigahezi 24 na 60.

Dishi lipi

Kwenye 5.8, dishi la sentimita 40 lina geini ya karibu 25 dBi na mwale wa digrii 9. La sentimita 60 ni 29 hadi 30 dBi na digrii 6. La sentimita 90 ni karibu 32 hadi 33 na digrii 4. Upana wa mwale unaukadiria kwa kuzidisha 70 kwa urefu wa wimbi kisha kugawa kwa kipenyo, na urefu wa wimbi hapa ni sentimita 5.2.

Hadi kilomita 5, la sentimita 40 linatosha na ni rahisi kulilenga. Kilomita 10 hadi 25 ni kazi ya la 60. Zaidi ya hapo, au mjini ambako kila paa lina redio, nunua la 90. Kuruka moja kwa moja hadi kubwa bila sababu ni kosa, na sababu ni upepo. Kwenye upepo wa kilomita 108 kwa saa, dishi la 60 linasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20. La 90 ni karibu kilo 45. La mita 1.8 ni kama kilo 180, na mwale wake ni digrii 2 tu, kwa hiyo nguzo ikipinda digrii moja umepoteza nusu ya nguvu.

Chagua dishi lenye redio nyuma yake au ndani ya fidi. Kebo nzuri ya antena ya aina ya LMR-400 inapoteza karibu desibeli 3.5 kwa kila mita 10 kwenye 5.8, na zile nyembamba zinameza kila kitu. Mita 20 za kebo hiyo zinakula faida yote ya kutoka kwenye dishi la 40 hadi la 90. Kinachoshuka chini ya nguzo kiwe kebo ya mtandao peke yake.

Na yale madishi ya zamani ya TV yaliyolala nyuma ya nyumba? Yanafaa, kwa masharti. Bakuli lisitofautiane na umbo lake kwa zaidi ya milimita 3, kwa sababu makosa ya wastani wa kiasi hicho yanakula karibu desibeli 2.3. Matundu ya wavu yasizidi milimita 5. Fokasi unaipata kwa kipenyo mara kipenyo gawa kwa (16 mara kina cha bakuli): dishi la sentimita 180 lenye kina cha 28 lina fokasi sentimita 72 kutoka kitovu. Fidi lazima iangazie bakuli lote. Ukiweka pale redio yenye mwale mwembamba, inaangaza katikati tu na ukingo wote ni mzigo wa upepo. Na ukitumia lile dogo la mviringo wa yai, ambalo fidi yake inakaa chini, kumbuka kwamba haliangalii pale linapoelekea: mwale unatoka digrii 20 na zaidi juu ya mhimili wake, kwa hiyo likilenga upeo wa macho linaonekana kama limeinamia chini. Kwa linki ya kibiashara nunua dishi jipya. La TV ni la kujifunzia na la vijijini ambako muda upo kuliko pesa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda

Kwa kila upande:

- dishi moja, redio moja na klampu zake
- bomba la chuma la mabati la inchi 2, unene wa ukuta milimita 3 au zaidi
- kebo ya mtandao ya nje yenye ngao, shaba tupu, pamoja na akiba ya mita 5
- konekta zenye ganda la chuma, angalau sita, kwa sababu mbili utaziharibu
- kizuia radi cha kebo ya mtandao, kimoja chini na kimoja juu
- fimbo ya athi (ya kupeleka umeme wa radi ardhini) na waya wa shaba wa milimita mraba 16
- tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na tepu nyeusi ya umeme ya kufunika juu yake
- spana mbili za kila saizi, pimamaji, dira, chaki, kompyuta mpakato au simu
- mkanda wa usalama wenye kamba mbili, na mtu wa chini

Kebo ya kununua sokoni ichunguze kwa kisu. Kwaruza waya mmoja: ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwenye mita 10 haina shida. Kwenye mita 60 redio itawaka, itafanya kazi asubuhi, na itazima jioni inapoanza kutuma kwa nguvu, kwa sababu volti zimeliwa njiani. Hata shaba halisi ya mita 100 inakula karibu volti 3 kwa redio ya wati 8 kwenye volti 24.

Nguzo

Ukutani, tumia mabano mawili yaliyoachana angalau sentimita 60, yenye bolti za kupanuka kwenye zege au tofali zima, si kwenye lipu. Sehemu ya bomba inayochomoza juu ya bano la juu isizidi mita 1.5 bila stei, yaani nyaya za kuishikilia. Paa la bati si mahali pa kufunga chochote: bati linapanuka na jua na dishi linahama nalo kila mchana.

Ardhini, kwa nguzo ya mita 6 yenye stei tatu, chimba shimo la sentimita 50 kwa 50, kina 80, na zege ya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Simamisha bomba kwa pimamaji pande mbili. Lisipokuwa wima, ukizungusha dishi kushoto na kulia litapanda na kushuka, na kazi ya kulenga haitaisha. Acha siku 7 kabla ya kulibebesha dishi. Stei zifungwe kwa pembe ya digrii 120 kila moja, na hakuna hata moja ipite mbele ya bakuli.

Jaribio la nguzo ni rahisi. Shika bomba pale dishi litakapokaa, sukuma kwa nguvu zako zote. Ukiona linapinda, upepo utalipinda zaidi.

Andaa kila kitu mezani

Redio mbili ziwekwe mezani, mita chache kati yake, zikiwa na nguvu ya chini kabisa na bila kutazamana. Zikitazamana kwa nguvu kubwa, kipokezi kinazidiwa na unaona namba za ajabu. Kwenye meza hiyo, maliza mambo haya yote: nchi uliyomo, anwani za IP tofauti, nywila mpya, usimbaji wa WPA2, upande mmoja kituo kikuu na mwingine mteja, jina la mtandao, na toleo moja la programu pande zote mbili.

Weka umbali kwenye mpangilio wa redio. Wi-Fi ya kawaida hutuma pakiti kisha husubiri jibu la "nimepata" kwa muda mfupi sana. Kwenda na kurudi kilomita 20 ni mikrosekunde 133, na redio isiyojua hivyo inadhani pakiti imepotea, inaituma tena, na tena. Dalili yake ni ishara nzuri na mwendo wa aibu. Redio nyingi za linki, kama za Ubiquiti, MikroTik na Cambium, zina mfumo wao wa kugawana zamu ambao unaondoa tatizo hili. Uwashe pande zote mbili.

Anza na chaneli ya upana wa megahezi 20. Ya 40 inaongeza mwendo, lakini inaongeza pia desibeli 3 za kelele na inagonga majirani wengi zaidi. Panua baadaye, linki ikishatulia.

Kulenga

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huharakisha.

Pata pembe ya kila upande kutoka kwenye ramani. Dira itumie mbali na nguzo na mabati, angalau mita 5, kwa sababu chuma kinaivuta. Tafuta kitu kwenye upeo kilicho kwenye pembe hiyo, kama kilima, mnara wa msikiti au mbuyu, kisha lenga dishi kwa kitu hicho. Mwinamo kwa kawaida ni karibu na sifuri: hata kama upande mmoja uko mita 200 juu ya mwingine, kwa kilomita 20 hiyo ni digrii 0.6 tu. Watu walio mlimani hupenda kuinamisha dishi kuelekea bondeni kwa sababu macho yanaona bonde. Tumia pimamaji, si macho.

Kaza bolti kiasi cha dishi kusogea kwa mkono kwa shida. Pande zote mbili zikishaonana hata kwa ishara hafifu, fuata utaratibu huu:

1. Mtu wa upande wa B asiguse kitu. A peke yake anazungusha dishi lake polepole kushoto na kulia, akisubiri sekunde tano kila anaposogeza, maana namba kwenye skrini inachelewa.
2. A avuke kilele makusudi mpaka ishara ishuke desibeli 3, apige mstari wa chaki kwenye bomba. Arudi upande wa pili mpaka ishuke tena 3, apige mstari wa pili. Dishi liwekwe katikati ya mistari hiyo miwili. Kilele chenyewe ni butu na kinadanganya. Miteremko yake haidanganyi.
3. A afanye vivyo hivyo juu na chini.
4. A aache, B aanze. Kisha A tena, kisha B tena. Mzunguko wa pili mara nyingi unaongeza desibeli 2 au 3.
5. Bolti zikazwe kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huku mtu akitazama skrini. Ukikaza moja mpaka mwisho, dishi linageuka.

Sasa toa ile karatasi. Kama hesabu ilisema −56 na wewe una −57 au −59, umemaliza. Kama una −76 na kila ukisogeza inashuka, usifurahie kilele hicho: umekaa kwenye mwale wa pembeni. Kila dishi lina miale midogo kando ya mwale mkuu, dhaifu kwa desibeli 20 hivi, na inapanda na kushuka kama kilele halisi. Kwa dishi la 60, wa kwanza uko kama digrii 9 kutoka katikati. Zungusha mbali, digrii 15 kila upande, mpaka upate kilele kikubwa kuliko vyote. Linki inayokaa kwenye mwale wa pembeni hufanya kazi vizuri kiangazi, ndipo fundi anapoondoka na pesa yake, na mteja anabaki nayo.

Tazama pia ishara ya wima na ya mlalo (mawimbi yanayotikisika juu na chini, na yale ya kushoto na kulia) kila moja peke yake. Zisipishane zaidi ya desibeli 3. Zikipishana 10, fidi moja imepinda, konekta imeingia maji, au dishi limezungushwa kwenye mhimili wake.

Maji, radi, chumvi, kunguru

Konekta iliyo nje ielekee chini, na kabla kebo haijaingia kwenye redio au ukutani, ipindishe iwe kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondoke pale chini. Zungusha tepu ya mpira kuanzia chini kwenda juu, ukiivuta mpaka urefu wake uongezeke mara mbili, kisha funika kwa tepu nyeusi kwa sababu ile ya mpira inaliwa na jua. Silikoni ya dirishani yenye harufu ya siki usiipake kwenye shaba. Inaila.

Radi haihitaji kugonga dishi. Ikipiga jirani, volti zinaingia kwenye kebo na kuua redio, mlango wa ruta na wakati mwingine kompyuta. Nguzo iunganishwe na athi kwa waya ulionyooka bila kona kali, vizuia radi vya kebo viunganishwe na athi hiyo hiyo, na athi ya nguzo iunganishwe na athi ya jengo. Athi mbili zisizoungana ni hatari kuliko moja mbovu, kwa sababu radi ikipiga, tofauti ya volti kati yake inapita kwenye kebo yako ya mtandao. Ncha ya kupokea radi ipande juu ya dishi, dishi lisiwe kitu cha juu kabisa. Kuzunguka Ziwa Victoria, ambako ngurumo ni za kila mara, vizuia radi si nyongeza ya hiari.

Pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, chumvi inakula bolti za kawaida ndani ya miezi. Tumia za chuma kisichoshika kutu au zilizochovywa zinki ya moto, zipake grisi. Na kunguru wa pwani hujengea viota kwa vipande vya waya. Kiota cha waya kati ya fidi na bakuli kinafanya kazi nzuri sana ya kuzuia mawimbi. Kifuniko cha dishi kinaondoa tatizo hilo na kupunguza upepo pia.

Kituo cha katikati kisicho na umeme

Kituo cha katikati kinapokea kutoka upande mmoja na kurusha mbele hadi wa pili. Redio ya wati 10 inakula wati-saa 240 kwa siku. Kwa siku mbili zisizo na jua, bila kushusha betri ya asidi chini ya nusu, unahitaji wati-saa 960, yaani betri ya volti 12 ya ampea-saa 80. Nunua ya 100. Paneli ya wati 100 inatosha kwa saa 4.5 za jua kali ukihesabu upotevu. Kituo cha kurusha mbele kina redio mbili, kwa hiyo zidisha vyote mara mbili. Usisahau kifaa cha kupandisha volti 12 kuwa 24 kwa ajili ya redio, na usiwahi kuchomeka kebo yenye volti 24 moja kwa moja kwenye kompyuta.

Ikipita juu ya maji

Maji tulivu ni kioo. Dishi linapokea wimbi lililonyooka na lile lililoruka kutoka majini, na yakikutana vibaya yanafutana. Kwenye pwani yetu maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, na linki inapanda na kushuka nayo. Ukiona grafu ya ishara inazama mara mbili kwa siku, na kesho yake inazama kwa kuchelewa chini ya saa moja, adui ni bahari, si redio. Dawa: upande mmoja uwe juu sana na mwingine chini, ili sehemu ya maji inayoakisi iwe karibu na ufuko wa upande wa chini, kisha tumia ukingo wa paa au vichaka kuificha. Kusogeza dishi mita 2 juu au chini kwenye nguzo hiyo hiyo nako husaidia. Ukiinua pua ya dishi digrii moja au mbili unapoteza kidogo cha kweli na kingi cha mwakisiko.

Ruhusa

Ruhusa inatoka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi: Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC, Rwanda ni RURA. Peleka masafa, nguvu na viwianishi vya pande zote mbili kabla ya kujenga, na kwa mnara mrefu au ulio karibu na uwanja wa ndege ongeza mamlaka ya usafiri wa anga. Usichague nchi ya uongo kwenye redio ili upate nguvu zaidi. Megahezi 5600 hadi 5650 hutumiwa na rada za hali ya hewa, na redio iliyowekwa sawasawa husikiliza kwanza na kuhama ikisikia rada. Kama linki yako inakatika ghafla kisha inarudi kwenye chaneli nyingine, huenda hilo ndilo limetokea.

Inapogoma

Ishara nzuri, mwendo mbaya: kelele upande wa kupokea, au umbali haukuwekwa. Pima kelele pande zote mbili, kwa sababu A hasikii kinachomsumbua B. Badilisha chaneli kabla ya kuongeza nguvu.

Upande mmoja unasikia vizuri, mwingine vibaya: nguvu za kutuma hazilingani. Dishi ni lile lile kwenda na kurudi, kwa hiyo likilengwa vibaya linaumiza pande zote kwa kiasi kile kile.

Imeshuka ghafla desibeli 6 baada ya dhoruba: nguzo imegeuka. Angalia kama mistari ya chaki imepishana. Inashuka kidogo kidogo kwa miezi: mti. Inashuka mvua inaponyesha na kurudi siku mbili baadaye: maji kwenye konekta, na konekta hiyo ikatwe, isikaushwe.

Inazima saa saba mchana na kurudi jioni: adapta ya umeme imewekwa chini ya bati.